SENTI ZINAZOBAKI LIKONI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi na wafanya kazi wa reli wanaokaa upande wa Kwale. Yanapigwa chapa humu kwa ombi la mkutano.)



Sisi tulioomba kusema leo ni wafanya kazi sita wa reli, na sote twakaa ng'ambo ya kusini: mmoja Ng'ombeni, mmoja Tiwi, wawili Ukunda, mmoja Gazi na mmoja Msambweni. Wanne twafanya kazi kisiwani, na wawili, yaani wa Ng'ombeni na wa Gazi, hufanya kazi Miritini. Sisi si watu wa elimu kubwa. Aliyechaguliwa kuisoma karatasi hii alisoma shule ya msingi ya misheni akaishia hapo, lakini mwalimu wake wa hesabu alikuwa mkali sana, na hesabu mtakazozisikia zimepitiwa mara mbili. Mwenye shaka azipitie mara ya tatu.

Jambo letu ni fedha tunazotumia kwenda kazini na kurudi. Twajua wengine mmekwisha kuguna. Mwasema, tumekuja kudai mshahara, hawa wanatuletea habari za chai na mahamri. Twaomba mtuvumilie, maana habari za mshahara zimo pia, tena ndizo zitakazofuata.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwenzetu wa Msambweni ana binti aliyefaulu mtihani wake akaitwa shule ya sekondari mwezi wa Januari. Baba huyu ameitumikia reli miaka 11. Siku ya kumpeleka binti ilipofika hakuwa na karo, hakuwa na sanduku, hata godoro hakuwa nalo. Alizunguka kwa jamaa, mama yake akauza mbuzi wawili, na binti akaingia darasani wiki tatu baada ya wenzake. Jioni moja tukiwa katika feri akatuambia, "Mimi si mlevi, mangweni hamnioni. Sichezi kamari. Nimefanya kazi miaka 11. Basi pesa zangu ziko wapi?" Hapana aliyeweza kumjibu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akijiuliza hilo hilo moyoni mwake.

Tuliposhuka Likoni tukaingia duka moja tukanunua madaftari sita, yale madogo ya watoto wa shule. Tukaagana kwamba kila mtu ataandika kila senti inayomtoka tangu anapofunga mlango wa nyumba yake asubuhi mpaka anapoufungua jioni. Tukaagana tena kwamba hapana kuoneana haya na hapana kuchekana. Tutahesabu siku 26 za kazi, wala si mwezi wa kalenda. Na kila jioni, kabla feri haijagusa nchi kavu, kila mtu aonyeshe ukurasa wake kwa mwenziwe.

Wiki ya kwanza tulidanganya. Twasema wazi ili na ninyi mjue. Huyu alisahau sigara, yule alisahau kibahasha cha karanga, na mmoja alinyamaza kabisa juu ya vocha ya simu kwa kuwa hakutaka kuulizwa anampigia nani. Wiki ya pili ndipo madaftari yalipoanza kusema kweli.

Sasa twawasomea siku moja ya mwenzetu wa Ukunda anayefanya kazi kisiwani. Pikipiki kutoka kwake mpaka barabarani, shilingi 50. Matatu mpaka Likoni, 100. Chai na mahamri mawili pale Likoni, 40. Feri kwa mtu wa miguu ni bure, twashukuru. Gari kutoka feri mpaka karibu na stesheni, 40. Chakula cha mchana, 150. Soda, au maji ya chupa, 50. Gari la kurudi feri, 40. Viazi karai na kikombe cha kahawa akingoja feri, 50. Matatu mpaka Ukunda, 100. Pikipiki mpaka nyumbani, 50. Vocha, 20. Jumla ni shilingi 690 kwa siku moja, na hiyo ilikuwa siku ya kawaida, hakukuwa na mvua wala mgeni. Kwa siku 26 ni shilingi 17,940.

Tulipomsomea jumla hiyo alisema tumekosea. Akalichukua daftari akajumlisha mwenyewe, akanyamaza, akatoka nje.

Lakini tazameni jambo moja. Sote siku zote tulikuwa tukisema, "Nauli zinatumaliza." Kumbe nauli ya matatu ya Ukunda na Likoni, kwenda na kurudi, ilikuwa 5,200 tu katika zile 17,940, haifiki theluthi moja. Fedha nyingine zote, 12,740, zilikwenda katika vitu ambavyo hatukuvihesabu kuwa gharama ya kwenda kazini. Vya kutia kinywani peke yake vilikuwa 7,540. Pikipiki 2,600. Gari la mjini, safari ambayo mtu mwenye miguu mizima huitembea kwa nusu saa na zaidi kidogo, 2,080. Vocha 520. Ndipo tulipoyaita mambo haya "senti zinazobaki Likoni", ingawa nyingine hubaki Ukunda na nyingine mjini, maana Likoni ndipo mtu anaposimama bila kazi, akingoja, na mkono wake hauwezi kutulia mfukoni.

Tukatafuta asili ya matumizi haya, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Tulidhani asili yake ni ulafi. Siyo. Asili yake ni kuchelewa. Mtu anayeamka kwa kuchelewa hali kitu nyumbani, basi hununua chai Likoni. Hawezi kutembea mpaka barabarani, basi huita pikipiki. Hawezi kuchagua gari, basi hupanda lile linaloondoka sasa hivi hata likiwa la bei ya juu. Akishuka feri saa moja kasorobo hawezi kwenda kwa miguu, basi hulipa tena. Mtu huyu amekwisha kulipa mara nne kabla hajapiga saini kazini, na vyote ni bei ya nusu saa ya usingizi. Katika madaftari yote sita ilikuwa hivyo hivyo: siku ya kuchelewa ilikuwa ya gharama kubwa kuliko siku ya kuwahi, hata kama chakula cha mchana kilikuwa kile kile.

Basi tukapatana kutoka nusu saa mapema zaidi, kubeba chakula kutoka nyumbani, na kutembea kila mahali panapotembeka. Kwa yule wa Ukunda, siku 26 zilizofuata alitumia 11,540, alipunguza 6,400. Siku 26 za baada ya hizo mvua za masika zilikuwa zimeingia. Matatu zilipandisha nauli jioni kama mnavyozijua, na pikipiki ikawa ya lazima kwa ajili ya matope. Alitumia 12,390, maana yake alipunguza 5,550. Twaitaja na hiyo ya pili ili asije mtu akadhani kwamba mambo hupanda tu kila mwezi. Wa Tiwi alifanya vizuri kuliko sote. Wa Gazi alipunguza kidogo sana, na sababu yake tutaieleza.

Sasa kuna jambo la aibu ambalo yatupasa kulisema. Tulipopatana kubeba chakula kutoka nyumbani, tulipatana sisi wanaume sita ndani ya feri. Hatukumwuliza mtu mwingine. Baada ya siku tisa mke wa mmoja wetu alimwambia mumewe, "Ninyi mmepunguza gharama zenu kwa usingizi wangu. Zamani niliamka saa kumi na moja, sasa naamka saa kumi. Katika daftari lenu hilo mimi nimeandikwa wapi?" Mwenzetu alituletea maneno hayo asubuhi tukiwa twavuka, na hatukuwa na jibu. Ni kweli. Sahani ya wali ya shilingi 150 mjini kuna mtu aliyelipwa kwa kuipika. Ile ya nyumbani hakulipwa mtu.

Tukabadili mpango. Sasa chakula hupikwa usiku pamoja na kile cha jioni, na mtu hujipakulia mwenyewe kabla ya kulala. Asubuhi kila mtu huchemsha chai yake mwenyewe na kuitia katika chupa. Muhogo wa kuchemsha, ambao kwetu Kwale hauna gharama kubwa, kila mwanamume anaweza kuumenya, tena wenye kucheka na wacheke. Kuosha bakuli ni juu ya aliyekula. Katika ile akiba kuna fungu linalokwenda mkononi mwa mama wa nyumba, naye hatoi hesabu yake kwa mtu. Tangu tulipofanya hivyo mpango umesimama. Hapo kwanza ulikuwa karibu kuanguka, na ungeanguka kwa haki.

Swali lingine lilitoka kwa mwenzetu wa Tiwi. Alisema, "Na yule mama wa chai pale Likoni, naye atakula nini?" Ni swali zuri. Mama huyo ni mtu kama sisi, ana watoto, tena mara ngapi ametupa chai kwa mkopo wakati mshahara umechelewa! Wanne kati yetu walikuwa na majina katika daftari lake, maana na yeye ana daftari, tena lake lilikuwa la kweli kabla ya letu. Hatukupata jibu la kutosha. Tulifanya hivi: kwanza tulilipa madeni yote, hapana aliyekimbia, tena kila Jumamosi twanywa chai kwake sote sita na kulipa papo hapo. Ametuambia kwamba anapendelea wateja sita wanaolipa siku moja kuliko wateja sita wanaokopa siku sita. Labda alisema hivyo kwa adabu tu.

Kahawa ya jioni hatukuikata. Kikombe kidogo cha kahawa chungu mtu akingoja feri, akizungumza na wenzake, si upotevu. Mtu akikata kila kitu atachoka baada ya wiki mbili, kisha atarudia vyote kwa hasira. Tumeyaona hayo kwa mmoja wetu, ambaye wiki ya tatu alinunua kuku mzima wa kukaanga akamla peke yake pale pale, asimpe hata mwenziwe mfupa. Amekubali tuseme, ila si jina.

Sasa habari ya mikopo ya simu. Hii kwetu ilikuwa mbaya kuliko vyakula vyote. Tangu fedha za simu zilipoanza nchini mwetu mwaka 2007 zimetusaidia sana, hatuwezi kukataa. Mtu hutuma fedha nyumbani Msambweni bila kupanda gari. Lakini mkopo wa simu ni kitu kingine. Mwenzetu mmoja alikuwa hana nauli siku ya Jumatatu, akakopa shilingi 500. Kila siku iliyopita ilikuwa na ada yake. Mshahara ulipoingia, mkopo ukakatwa kwanza, basi ukapungua, basi wiki ya tatu akakopa tena, safari hii shilingi 1,000. Tulipofungua daftari lake tukaona kwamba kwa miezi mingi alikuwa akienda kazini kwa fedha za mwezi ujao, na kulipa ada kwa ajili ya kwenda huko. Dawa tuliyopata ni ndogo. Kila mmoja wetu hutia shilingi 50 kila Ijumaa katika mfuko wetu sita. Mwenye kukosa nauli huchukua humo, hurudisha siku ya mshahara bila ziada. Mweka hazina ni yule wa Gazi kwa sababu ni mgumu kutoa, na wenye kumjua watakubali.

Tusije tukasahau makato mengine ambayo hayaguswi na daftari lolote. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5. Kuna kodi ya mapato, kuna akiba ya uzeeni, na kuna mchango wa chama hiki. Juu ya hayo wengi tuna mikopo ya ushirika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani mfanya kazi lazima abakiwe na theluthi moja. Wengine katika ukumbi huu wamekwisha kufika mpaka huo; twazijua karatasi zenu za mshahara kama mnavyozijua zetu. Mtu wa theluthi moja akitumia 17,940 njiani, nyumbani huingia na nini?

Na hapa twafika kwa neno zito zaidi. Baadhi yenu, tulipowapa habari za madaftari haya kabla ya mkutano, mlisema, "Nyamazeni. Mwajiri akisikia kwamba mnaweza kuishi kwa kidogo atasema mshahara unatosha." Twaiheshimu hofu hiyo. Lakini hebu tuitazame vizuri.

Zamani wazee wetu wa reli wengi walikaa katika nyumba za reli, zile za landi, hapo hapo karibu na kazi. Kazi ilikuwa mwendo wa miguu na king'ora kilisikika nyumbani. Zile hazikuwa nyumba za raha, chumba kimoja kwa watu wengi, lakini njiani hapakuwa na matumizi. Reli ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na leo wengi wetu hujitafutia makao wenyewe. Nyumba za kisiwani hatuziwezi, basi twakaa kwetu ng'ambo. Kisha mwaka 2017 reli mpya ilipoanza kuchukua abiria, stesheni yake ilijengwa Miritini, nje ya kisiwa. Wenzetu waliohamishiwa huko hawakuhama nyumba, ni kazi iliyohama. Na reli yenyewe haivuki Likoni. Sisi tunaotengeneza njia ya watu kwenda Nairobi, hatuna njia ya reli ya kurudi kwetu Kwale.

Mtazameni sasa mwenzetu wa Gazi. Gazi mpaka Likoni, 150. Feri mpaka Miritini, 100. Kwenda na kurudi ni 500 kwa siku, na kwa siku 26 ni shilingi 13,000. Hapo hajala kitu wala hajapanda pikipiki. Mwambieni akate mahamri, amekata. Mwambieni aamke mapema; huamka saa tisa na nusu usiku. Daftari lake limepungua kwa shilingi 1,180 tu, na hapana mtu awezaye kulipunguza zaidi. Wa Ng'ombeni yu karibu na barabara ya Dongo Kundu, ambayo kufikia mwaka 2024 magari yalikuwa yakipita, naye akipata gari la huko hufika Miritini bila kuona feri. Lakini kwa saa za zamu yetu, hasa ile ya alfajiri, gari hilo halina ahadi. Akilikosa, hurudi njia ya Likoni akiwa amechelewa, na mmekwisha kusikia bei ya kuchelewa.

Basi daftari limetugawia fedha mafungu mawili. Liko fungu letu sisi, la chai, la pikipiki, la usingizi na la mkopo wa simu. Hilo hatuwezi kumdai mwajiri, ni juu yetu kulipunguza. Na liko fungu la njia yenyewe, ambalo mfanya kazi hata akiwa mwangalifu namna gani hawezi kulikwepa. Hilo ndilo la chama kulipeleka mezani. Zamani tulipeleka mafungu yote mawili yakiwa yamechanganyika, tukisema tu "maisha ni magumu", na watu wa upande wa pili wa meza wakatutazama tu. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha ya kutosha kwa kodi ya nyumba. Juu ya nauli haimlazimu hivyo. Kwa hiyo nauli ni jambo la mapatano, na katika mapatano mwenye hesabu ndiye anayesikilizwa.

Kuna sababu nyingine. Hapa Mombasa, Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani waliacha kazi kwa pamoja kwa muda wa siku kama 12, kwa ajili ya mishahara na gharama za maisha, na baada yake baraza la hukumu liliwaongezea watu mishahara na fedha ya nyumba. Siku 12! Hatusemi kwamba twataka mgomo. Twauliza tu: katika ukumbi huu, ni nani awezaye kukaa siku 12 bila kukopa kwa simu? Mwajiri anazijua karatasi zetu za mshahara kuliko wake zetu. Anapojua kwamba hatuna hata nauli ya Jumatatu, ana haja gani ya kuharakisha majibu?

Jambo moja la kuonya kabla hatujaketi. Kuna kupunguza gharama ambako sisi tunakukataa. Vijana wengine, ili kugawana ile shilingi 50, hupanda pikipiki moja watatu na mwendeshaji wa nne, mtindo wa mshikaki, usiku, bila taa. Wengine huruka feri ikiwa imekwisha kuondoka ili wasikose gari la bei ya chini ng'ambo. Wenye umri wetu tulikuwa watoto wadogo tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilipopinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa kwenda kazini kama sisi. Upande wetu bado kuna familia ambazo Aprili ikifika hukaa kimya. Feri ikijaa, ngoja nyingine. Ukitoka mapema, kungoja hakukugharimu kitu.

Twaleta maombi matatu. La kwanza, kila mwanachama anayekaa nje ya kisiwa, kama ni Kwale, kama ni Kilifi au Mariakani, aandike daftari la siku 26 kama tulivyofanya. La pili, kamati ichukue nauli tupu kutoka madaftari hayo, bila chai wala soda, na kuifanya kuwa dai la chama katika mapatano yajayo, na wa Miritini wahesabiwe mbali kwa sababu wao walihamishwa. La tatu, ratiba ya zamu ya alfajiri ibandikwe wiki mbili mbele, si usiku wa kuamkia, ili mtu aweze kupanga gari lake.

Mwenzetu wa Msambweni ametuomba tuseme pia kwamba karo ya muhula wa pili ililipwa tarehe ya kufungua shule, ila shilingi 2,000 ambazo alizimalizia wiki iliyofuata. Mbuzi wa mama yake bado hajawarudisha.

Madaftari yetu sita tumemkabidhi Ndugu Katibu, yako hapo mezani. Lile la Tiwi kurasa zake nne zililowa mvua pale Likoni, na wino umetawanyika. Hesabu ya siku hizo tumeiandika upya katika karatasi ya pembeni, na wawili wetu wametia saini kwamba ndivyo ilivyokuwa.